Beit il Mtoni: Historia ya Nyumba ya Shamba na Maneno Iliyoyaacha



Kiswahili kina maneno mawili yanayotumika kwa mahali palipokuwa na maisha ambayo sasa hayapo, nayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni gofu, yaani jengo lililobomoka likabakia kuta. Hata mtu aliyekonda kwa maradhi mpaka mifupa ikahesabika huitwa gofu la mtu. La pili ni hame, ambalo asili yake ni kitenzi kuhama. Hame ni mahali ambapo watu wamepahama, hata kama kuta zingali zimesimama na mlango ungali na komeo lake. Gofu hueleza hali ya jengo, ilhali hame hueleza tendo la watu. Mhadhara huu unahusu nyumba moja ya shamba kisiwani Unguja ambayo leo kila mpita njia huiita gofu. Hoja yake ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa hame miaka mingi kabla haijawa gofu, na kwamba asiyeufahamu utaratibu huo hawezi kuifahamu historia ya nyumba yenyewe.

Nyumba inayozungumziwa ni ile ya Mtoni, iliyojengwa ufukweni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vitabu vya wageni huiita kasri, na kwa kuwa aliyeijenga alikuwa sultani, neno hilo halina kosa. Lakini kwa asili na kwa kazi yake Mtoni ilikuwa nyumba ya shamba: ilizungukwa na minazi, miembe na mikarafuu, iliendeshwa kwa mapato ya mazao, na maisha yake yalitegemea mikono ya watu waliolima.

Shamba lilitangulia nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mtoni ilikuwa mali ya Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu ambaye wanahistoria humtaja kuwa ndiye aliyeleta mbegu au miche ya mikarafuu kutoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, akaipanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alimpokonya mashamba hayo. Zimetajwa sababu za kisiasa na za mikataba, lakini anayejua bei ya karafuu ya wakati ule hatahitaji kutafuta sababu mbali. Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na ujenzi wa nyumba ya Mtoni huhesabiwa tangu wakati huo. Mapokeo husema pia kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika muda usiozidi kizazi kimoja sura ya kisiwa ikabadilika, na Mtoni ikawa makao ambayo mtawala alikuwa akiyapendelea kuliko nyumba yake ya mjini.

Habari nyingi za ndani ya nyumba hiyo zimetoka kwa shahidi mmoja, naye ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Cherkesia. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka uliofuata alibatizwa na kuolewa mjini Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Kwa hiyo nyumba hii ya shamba inajulikana ulimwenguni kupitia kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo haikuwa miongoni mwa lugha za wakazi wake. Mwandishi alikuwa mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya baridi, na mtu wa hali hiyo huikumbuka nyumba ya utotoni kwa jua lake kuliko kwa mbu wake. Hata hivyo si shahidi wa kupuuzwa. Yeye mwenyewe anakiri kwamba Mtoni haikuwa nyumba nzuri. Ilikuwa mkusanyiko wa majengo yaliyoongezwa moja baada ya jingine kadiri haja ilivyotokea, yakiwa na ngazi na vijia ambavyo mgeni angepotea ndani yake.

Katikati palikuwa na ua mpana ambamo tausi, swala, mbuni, heroe, kanga na mabata walitembea huru. Mto ulipita hapo hapo ukielekea baharini, na upande mmoja wa ua palikuwa na safu ya mahamamu yaliyojaa watu mchana kutwa. Mbele ya nyumba, upande wa bahari, palisimama jengo la mviringo ambalo Salme analiita benjile. Ndani yake hamkuwa na kitu ila viti vya mianzi na darubini kubwa. Hapo ndipo Said alipokunywa kahawa na jamaa zake wakubwa, na hapo ndipo alipozoea kutembea huku na huku ameinamisha kichwa, akichechemea kwa sababu ya jeraha la vita la pajani. Darubini haikuwa pambo. Kutoka hapo mwenye shamba aliweza kuona merikebu zake zilizotia nanga na jahazi zilizokuwa zikiingia, na pengine hakuna chombo kingine kinachoeleza vizuri zaidi jinsi shamba na biashara ya bahari vilivyokuwa kitu kimoja. Salme anakadiria kwamba wakazi wote wa Mtoni, wakubwa kwa wadogo, waungwana kwa watumwa, walizidi elfu moja.

Mwanaisimu hana budi kutua kwenye jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka, nalo ni lugha za nyumba hiyo. Salme anaeleza kwamba mbele ya baba yake lugha iliyokubalika ilikuwa Kiarabu peke yake. Lakini mzee alipogeuka tu, nyumba ilijaa lugha nyingine. Anazitaja Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, zikisemwa kwa pamoja na kuchanganywa. Kiswahili, basi, ni moja kati ya saba katika orodha hiyo, tena hakitajwi kwanza. Ilikuwa lugha ya uani, ya jikoni, ya yaya na mtoto, ya msimamizi na mchumaji. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya kusanifiwa kwa matumizi ya Afrika Mashariki, lahaja iliyochaguliwa ilikuwa Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaisimamia. Wakati huo Kiarabu cha barazani kwa Said kilikuwa kimerudi nyuma katika kisiwa chenyewe, na Kicherkesi kilikuwa kimenyamaza kabisa.

Jina la nyumba nalo ni hati ya historia. Salme anaiita Bet il Mtoni. Sehemu ya kwanza, beit il, ni Kiarabu, yaani nyumba pamoja na kibainishi chake. Sehemu ya pili ni nomino ya Kibantu, mto, iliyopokea kiambishi cha mahali -ni. Kiarabu kimetaja kitu, Kiswahili kimetaja mahali kilipo. Tena kibainishi cha Kiarabu kimewekwa mbele ya umbo ambalo tayari limebeba maana ya mahali, kana kwamba kiambishi -ni hakipo. Hilo linaonyesha kwamba Mtoni lilikuwa jina la mahali kabla ya nyumba, na wenye nyumba walilikuta wakalichukua lilivyo. Muundo huo haukuwa wa bahati tu. Nyumba ya mjini ambako Salme alihamia na mama yake utotoni aliiita Bet il Watoro, na humo pia nomino ya Kiswahili, na kiambishi chake cha wingi, imekaa chini ya kichwa cha Kiarabu. Wanafunzi wanaotafuta mifano ya lugha kukutana wasiende mbali. Wasome majina ya nyumba.

Watoto wa Mtoni walisomeshwa Kurani katika ukumbi ulio wazi, wakikalia mkeka. Wavulana walifundishwa kuandika, na ubao wao ulikuwa mfupa wa bega la ngamia uliosafishwa ukawa mweupe. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa namna hiyo. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alifanywa karani wa njama ya ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid aliyekuwa ametawazwa. Njama hiyo iliishia katika nyumba nyingine ya shamba, iliyoitwa Marseille, huko Machui. Barghash na wafuasi wake walijifungia humo, na majeshi ya Majid yakisaidiwa na Waingereza yakaishambulia kwa mizinga. Nyumba ya Marseille ilifanywa gofu kwa siku chache. Ya Mtoni haikupigwa hata risasi moja, na kuanguka kwake kulikwenda polepole zaidi.

Hapa inafaa kuwataja wale ambao hawakuandika kitabu. Watumwa wa mashamba ya Unguja walitoka bara, wengi wao kupitia Kilwa. Kwa desturi ya mashamba hayo walimtumikia bwana siku tano na kupewa siku mbili, mara nyingi Alhamisi na Ijumaa, za kulima vijishamba vyao wenyewe. Hakuna mmoja wa Mtoni ambaye maneno yake yamehifadhiwa kwa jina lake. Lakini lugha imehifadhi mambo ambayo kalamu haikuyahifadhi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapisha mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, alikuta neno mjinga likitumika hasa kwa mtumwa mgeni, aliyeletwa karibuni, asiyejua bado lugha na desturi za pwani. Aliyezaliwa kisiwani aliitwa mzalia. Watumwa wa bwana mmoja waliitana wajoli. Mzalia na mjoli yamefifia katika mazungumzo ya leo, lakini mjinga limebaki na limeenea. Mwalimu anapomkaripia mtoto kwa neno hilo hajui kwamba anatumia lugha ya gati na shamba, ambapo ujinga ulikuwa hali ya kutekwa kabla ya kuwa upungufu wa akili.

Neno kibarua nalo lina asili ya namna hiyo. Kwa umbo ni udogo wa barua. Steere anaeleza kwamba waliofanya kazi ya kutwa Unguja walipewa kipande cha karatasi ambacho walikirudisha siku ya malipo, na jina la karatasi likawa jina la mtu. Wengi wa vibarua wa kwanza walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana wao, nao walitoa sehemu ya ujira kwa bwana. Karafuu yenyewe ilijenga msamiati wake: jamvi la kuanikia, pishi ya kupimia, makonyo yanayobaki baada ya kuchambua. Mchumaji alilipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Maneno hayo yangali hai Pemba na Unguja kila msimu, ijapokuwa nyumba zilizoyazalisha zimekufa.

Sasa turudi kwenye nyumba. Sayyid Said alifariki Oktoba 1856 ndani ya merikebu yake, karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Omani. Aliacha watoto 36, wana 18 na binti 18. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, na suria aliyemzalia bwana huwa huru bwana akifa. Sheria hiyo ina uadilifu wake, lakini haikusudii kuihifadhi nyumba moja kubwa. Iliyokuwa jamaa moja chini ya paa nyingi ikawa jamaa nyingi, kila moja na shamba lake na nyumba yake. Majid alielekeza macho Dar es Salaam. Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga Maruhubi, jirani kabisa na Mtoni, na mjini akajenga Beit al Ajaib. Kwa nini hakuikarabati nyumba ya baba yake? Jibu la uhakika halimo katika maandishi, lakini ni dhahiri kwamba Mtoni haikuwa na mtu mmoja wa kuidai kwa moyo wote. Ilikuwa ya wote, na ya wote haikuwa na mwenyewe.

Kisha uchumi wake ukakatika. Bei ya karafuu ilikwisha kushuka tangu miaka ya 1840 kwa sababu ya wingi wa zao. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila madhara makubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Mwaka 1873 biashara ya watumwa ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba. Mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa uhalali wake, ingawa masuria hawakuguswa na amri ya aina hiyo hadi 1909.

Yafaa kueleza kwa nini mambo hayo yaliua nyumba. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya udongo, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio unaofanya vyumba viwe vyembamba na virefu, visivyofika mita tatu kwa upana. Nyumba ya namna hiyo haina subira. Kila mwaka kabla ya masika sakafu ya juu lazima ikaguliwe na nyufa zizibwe kwa chokaa mpya iliyopondwapondwa. Mwaka mmoja ukipita bila kazi hiyo, maji huingia, boriti huoza au huliwa na mchwa, dari hushuka, kuta hubaki wazi kwa juu, na mvua huuosha udongo uliomo katikati. Mizizi ya mitini humaliza kazi. Beit al Ajaib, ambayo ina nguzo za chuma na ilikuwa katikati ya mji mbele ya macho ya kila mtu, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Sembuse nyumba ya shamba! Mtoni ilihitaji mamia ya mikono ili iendelee kusimama, na mikono hiyo haikuwa ya hiari. Ilipoondoka, nyumba haikuwa na njia nyingine ya kuishi. Anayeihurumia Mtoni, na kuna mengi ya kuhurumia, ahesabu pia gharama hiyo.

Salme alirudi Unguja Agosti 1885 kwa merikebu ya Kijerumani, baada ya miaka kumi na tisa. Alikwenda Mtoni, akakuta ngazi zimebomoka, mahamamu hayana paa, na majani yameota mahali ambapo watoto walikuwa wakicheza. Tarehe hiyo ni muhimu, kwa sababu simulizi maarufu husema kwamba Mtoni iliangamizwa na moto. Moto ulikuwepo kweli, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati sehemu iliyosalia ikitumika kama ghala, nao uliteketeza kilichoweza kuteketea. Lakini ulikuta maiti. Kiswahili kinaruhusu kusema nyumba ilianguka, iliangushwa au iliachwa, na kila kitenzi kina mtendaji wake au kinamficha mtendaji wake. Wanaosema ilianguka hawamtaji mtu. Wanaosema iliangushwa na moto wamepata mtuhumiwa asiyeweza kujitetea. Ushahidi wa 1885 unaelekea kwenye kitenzi cha tatu.

Majirani wake hawakuwa na bahati kubwa zaidi. Maruhubi iliungua mwaka 1899, na marumaru ya mahamamu yake yakachukuliwa. Dunga, nyumba ya Mwinyi Mkuu katikati ya kisiwa, ilikosa mwenyewe baada ya mwaka 1873 ulipokoma ukoo wa watawala hao, ikabaki kuta. Hamamu la Kidichi, lililojengwa mwaka 1850, limesalimika kuliko yote, labda kwa kuwa ni dogo na lina kuba, na kuba huyamwaga maji.

Treni ya Bububu ilianza kazi mwaka 1905 na ikasitishwa kabla ya miaka ya 1920 kumalizika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa viwanja vya eka tatu tatu, na eka tatu likawa karibu nomino moja katika Kiunguja: mtu ana eka tatu yake. Mji ukasogea kaskazini. Matangi ya mafuta yakajengwa jirani na magofu, na yaliyokuwa mashamba yakawa mitaa. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 kazi ya hifadhi ilifanyika, kuta zikasafishwa na kutiwa nguvu, na wageni wakaonyeshwa zilipokuwa ngazi, ua na mahamamu. Ni kazi ya kusifiwa. Kasoro ya maelezo ya mahali kama hapo ni ya kawaida tu: humhusu binti mfalme, mara chache sana humhusu mjoli.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa ufuo wa Unguja. Huko Unguja, katika mazungumzo ya kila siku, hakuna anayesema tena Beit il Mtoni isipokuwa mwenye kitabu mkononi. Beit il imeondoka pamoja na waliohama. Watu husema wanakaa Mtoni, wanashuka Mtoni, kiambishi -ni kikiwa mahali pake, na mto ambao kiambishi hicho kinauelekeza ungali ukimwaga maji yake baharini kando ya kuta.